Kelele za Lori la Chumvi

Mjukuu wangu Biira amenionyesha kwenye simu picha ya chumba anachofanyia kazi. Kuta zote, na dari pia, zimefunikwa kwa vipande vya sponji vyenye ncha, na katikati limesimama gari moja, taa zinawaka, ndani hakuna mtu. Anasema humo hawaingii hata na saa ya mkononi. Wanaliwasha gari, wanatoka, wanafunga mlango wa chuma, kisha mashine inawaambia gari hilo linarusha kelele kiasi gani kwenye mawimbi ya redio, na kama kelele hizo zitawasumbua watu wenye redio na simu zao. "Sasa Babu," akaniuliza, "ninyi bila chumba mlikuwa mnapimaje?"

Aliuliza kwa heshima, lakini nilimwona akijizuia kucheka. Basi nimeamua kumjibu kwa maandishi, yeye na vijana wenzake wa hiyo kazi, ili wacheke vizuri. Ila nawaonya kwamba mimi sifuati mstari. Jambo likinijia nalisema hapo hapo, na mengine nitayasahau.

Chumba chetu kilikuwa barabara, ile inayotoka Kasese, huku magharibi mwa Uganda, inakatiza mbuga, inafika Bwera na kuteremka mpakani mwa Kongo. Milima ya Rwenzori ilikuwa ukuta wetu wa upande mmoja, na upande wa pili hatukuwa na ukuta. Tulipima juani na tulipima mvuani. Tembo wakikatiza barabara tulizima kila kitu tukangoja, maana tembo hana haraka na mtu.

Nilikuwa fundi wa kuzuia kelele za redio. Nikiwaambia watu hivyo wanadhani nilikuwa nafukuza walevi wenye redio kubwa. Sivyo. Kila kitu chenye umeme kinachotoa cheche, hata cheche ndogo usiyoiona kwa macho, kinatangaza. Plagi za gari zinatangaza. Dinamo inatangaza. Swichi ya friji inatangaza kila inapojizima. Havitangazi habari wala muziki, vinatangaza takataka, na redio yoyote iliyo karibu inazipokea, maana redio haijui kuchagua. Kazi yangu ilikuwa kumtafuta anayetangaza na kumnyamazisha bila kumharibu. Na kumbukeni kwamba ugomvi huu siku zote una watu wawili, anayepiga kelele na anayesikia. Ukishindwa kumnyamazisha wa kwanza, msogeze wa pili. Kuna siku nilitatua kesi nzima kwa kuhamisha antena ya jirani kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine, na nikala chakula cha mchana pale pale.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Odera. Alitoka Kenya pamoja na baba yangu, wote wakaajiriwa kwenye mgodi wa shaba huko juu ya Kasese, baba chini ya ardhi, yeye kwenye karakana ya redio. Alikuwa mtu wa kanisa sana, hafungui redio kabla ya kuomba, na nilipomuuliza kwa nini, alisema ndani ya redio za siku hizo kulikuwa na volti za kumpeleka mtu kwa Muumba wake, kwa hiyo ni vizuri kupiga hodi. Mzee Odera hakunipa kifaa chochote mwanzoni. Alinikalisha nimeipa karakana mgongo, redio ndogo mapajani, halafu yeye anawasha kitu na mimi nitaje.

"Hiyo?"

"Drili."

"Sikiliza tena, kijana yangu. Drili inalia bila kupumua. Hiyo inakata."

"Gari."

"Sasa unasema."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Plagi za gari hukatakata, ta-ta-ta, na dereva akikanyaga mafuta nazo zinakimbia. Dinamo inalia kama mbu. Waya wa umeme uliolegea unakaanga, na mvua ikinyesha ama unakaanga zaidi ama unanyamaza, inategemea umelegea wapi. Mkiwa na mashine za kuchora mistari kwenye kioo ni vizuri, zitumieni, lakini msiache kutia sikio. Sikio halihitaji betri.

Akanifundisha pia kutafuta mwelekeo. Ndani ya redio ndogo ya mkononi kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba. Kijiti hicho kinasikia vizuri kwa ubavu, na kwa kichwa hakisikii karibu kitu. Basi unaiweka redio mahali pasipo na stesheni, unaigeuza polepole mpaka kelele ife. Ikifa, kichwa cha kijiti kinamwelekea mkosaji. Unatembea kidogo ukafanya vilevile mahali pengine. Pale mistari yako miwili inapokutana, kapige hodi.

Ninasema kapige hodi kwa sababu watu wengi hawapigi hodi, wanataja tu jina. Kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi kulikuwa na kero ya kila Jumapili alasiri: mpira ukianza kutangazwa, redio zote za mstari mmoja wa nyumba zinakaanga. Watu walishaamua ni mama mmoja Mkongo aliyehamia karibuni, kwa kuwa alikuwa amefunga waya mrefu wa kuanikia nguo, na eti waya ule unavuta matangazo yote kwake. Walishakubaliana kuukata. Nikazunguka na redio yangu, mistari ikakutana kwa kinyozi. Jumapili ndiyo siku watu wananyolewa, na brashi za kaboni ndani ya mashine yake ya kunyolea zilikuwa zimekwisha, zinarusha cheche. Kinyozi akakasirika. "Mimi natengeneza vichwa," akasema, "redio peleka kwa mwenye redio." Nikamfungia kondensa ndogo, kifaa kinachomeza cheche, ndani ya mashine, ikanyamaza. Wale waliotaka kukata waya wa yule mama walikuwa wamekaa kwenye benchi la kinyozi, wakingoja zamu ya kunyolewa.

Sasa madereva. Mungu awarehemu, maana mimi walinichosha. Ukitaka kuzuia kelele za plagi, unaweka kwenye waya wake kitu kidogo cha kaboni, kirefu kama kifundo cha kidole, kinachopunguza makali ya ile cheche. Madereva wa huku walikiita kidonge. Wakaamini ni kidonge cha usingizi, kwamba kinailalisha injini, na aliyekitia alikuwa adui wa milima yao. Gari ikitoka kwangu ina vidonge, ikifika njia panda dereva ameshavitoa na kuvitupa majanini.

Palikuwa na dereva wa Maliba, huko kwenye vilima, aliyebeba kahawa na mihogo. Akanijia juu. "Fundi, hii kidonge nalalisha injini. Mulima ya kwetu haitaki gari yenye kulala. Toa." Nikaingia chini ya boneti, nikagongagonga na spana kwa muda wa kutosha, nikatoka. "Haya, nenda." Akapanda Maliba, akarudi kesho yake akitabasamu. "Sasa gari naamuka. Nakimbia sana." Vidonge vyote vilikuwa ndani, sikugusa hata kimoja. Sikumwambia. Kijana, kama dawa yako inafanya kazi, usiidai na shukrani.

Ubaya ukaja kutoka Katwe. Mnajua kule wanachota chumvi ziwani kwa mikono, wanaume kwa wanawake, na malori yanaibeba. Chumvi ile mbichi inachuruzika. Inaingia kila mahali. Gari lina mikanda myembamba ya shaba iliyosukwa, inayounganisha boneti na bodi, injini na chesisi, ili vyote viwe kitu kimoja kwa umeme. Watu wa kazi wanaiita mikanda ya athi. Chumvi inaila. Ikiisha, boneti iko peke yake, injini peke yake, kila kipande kinarusha takataka zake. Lori la chumvi lililokaa mwaka mmoja kwenye kazi hiyo ningelitambua kwa redio kabla sijaliona kwa macho.

Hapo ndipo ninapofika Bwera, na hapo sitaki kuruka kitu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeacha mgodi, nina kibanda changu cha ufundi mjini Kasese. Asubuhi moja Landrova ya askari ikasimama mlangoni, akashuka mmoja. "Afande nakuita Bwera. Beba vyombo." Zama zile za utawala wa kijeshi mtu hakuuliza anaitiwa nini. Nikabeba mfuko: redio yangu ndogo, kondensa, vidonge vichache, na kipande cha mkanda wa shaba nilichokuwa nimekisuka kutoka kwenye nyaya kuukuu. Mke wangu alisimama mlangoni akiwa na mtoto mgongoni. Sikumwambia kitu cha maana, nilimwambia ale asinisubiri.

Kituo chao kilikuwa juu ya kilima kidogo nje ya Bwera. Chumba cha bati, antena ndefu nje, na barabara ya kwenda mpakani inapita chini ya antena hiyo hiyo. Upande wa nyuma palikuwa na bonde dogo, na ndani ya bonde lilisimama lori la injini ya petroli, lenye kutu. Magunia yalikuwa yamepasuliwa, chumvi imemwagwa chini, nyayo za buti zimepita juu yake. Kando ya ukuta alikaa mtu chini bila viatu, mikono imefungwa nyuma. Nilimfahamu. Kila mtu Bwera alimfahamu Papa Kasereka. Alikuwa Mkatoliki wa upande wa Butembo, Kongo, aliyekimbia vita vya kule miaka ya sitini pamoja na mkewe, akabaki. Alinunua chumvi Katwe, akaiuza Bwera na ng'ambo. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya.

Mkewe, Mama Kavira, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, furushi miguuni, rozari mkononi. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha.

Afande alikuwa kijana kuliko mimi, na macho yake yalionyesha hajalala vizuri. "Wewe fundi, kuja hapa. Simu yangu nakufa." Alimaanisha simu ya upepo, ile redio ya kuzungumzia na wakubwa wake na kizuizi cha mpakani. "Hii mutu napita na lori, simu nakufa. Naenda zake, simu nafufuka. Kila wakati. Iko na mashine ndani ya lori, nafunga simu yangu, watu yake wapite. Askari yangu nakosa kuona. Wewe tafuta."

"Ndiyo, Afande. Na nisipoiona?"

"Gari ya makao makuu nakuja leo mchana. Ukipata mashine, naenda na mutu na mashine. Usipopata, naenda na mutu."

Gari ile tuliijua wote. Waliopandishwa ndani yake sikupata kuwaona tena, wala sikumsikia mtu aliyewaona.

Papa Kasereka akainua kichwa. "Fundi, weye unanijua. Mi niko mutu ya chumvi. Sina na mashini, sina na radio, hata ya muziki sina. Uambie chef." Alimaanisha Afande.

Nilitamani sana nisikute kitu. Nikaomba lori liwashwe, nikatembea nikilizunguka na redio yangu. Ilikata ta-ta-ta kwa nguvu hadi askari mmoja akasogea nyuma. Nikafungua boneti. Mikanda ya athi ilikuwa imebaki vumbi la kijani. Nyaya za plagi hazikuwa na kidonge hata kimoja. Lori lile lilikuwa linatangaza kwa bodi nzima, na kila lilipopita chini ya antena ya kituo, simu ya upepo haikuwa na la kufanya ila kufa.

Kwa hiyo Afande alikuwa amesema kweli. Kelele zilitoka kwa mtu yule, na ziliondoka naye. Alikosea katika mengine yote, lakini hilo moja alikuwa nalo. Niliogopa. Nikisema si yeye, lori litapita tena kesho na simu itakufa, na safari hiyo mimi nitakaa naye ukutani. Nikisema ni yeye, Afande atasikia neno hilo tu, mengine yote nitakayoongeza hatayasikia.

Vijana, mashine yenu inawapa namba, na kuisoma namba ni kazi ya asubuhi moja. Lakini kuna siku namba yako itamwendea mtu ambaye anaitaka kwa ajili ya jambo ambalo ameshaliamua. Siku hiyo kaa kimya kwanza, fikiria mtu huyo atasikia nini. Mimi nilijifanya nafuta mikono kwa tambara, nikaifuta mpaka ikawa safi kuliko ya daktari. Nikamkumbuka Mzee Odera akinikalisha nimempa mgongo. Hakuwahi kunieleza kelele kwa maneno. Alinifanya nisikie.

"Afande," nikasema, "naomba wewe mwenyewe ukae kwenye simu. Uvae vya masikioni."

Akakaa. Lori likawashwa. "Ndiyo hiyo," akasema, "ndiyo hiyo naua simu." Likazimwa. Kimya. Likawashwa, likazimwa. Akatabasamu, na askari wake wakajinyoosha. Alidhani nimemaliza.

"Sasa Afande, naomba gari yako."

"Gari yangu nafanya nini?"

"Nataka kuitia ile mashine."

Afande akamwita dereva wake, akamwambia asimame karibu nami na aangalie mikono yangu. Landrova ile ilikuwa na vidonge na mikanda yote, ndiyo sababu haikuwahi kuwasumbua. Nikachomoa vidonge, nikaviweka kimoja kimoja kwenye kiganja cha dereva. Nikafungua mkanda wa boneti, nikampa nao. Nikaunganisha nyaya bila vidonge. "Washa," nikamwambia, "halafu kanyaga mafuta."

Kupitia dirishani nilimwona Afande anavyogutuka. Akavua vya masikioni, akavitazama, akavivaa tena. Akanyoosha mkono: zima. Washa. Zima. Akatoka nje mwenyewe, akaingiza kichwa chini ya boneti ya gari yake.

"Umeweka nini hapa?"

"Sijaweka, Afande. Nimetoa."

Akamgeukia dereva. "Ameweka?"

"Ametoa tu, Afande," dereva akasema, akafungua kiganja. "Hii hapa yote."

"Kwa hivyo gari yangu nayo nafanya kazi ya adui."

Hapo ndipo nilipoona nimejitia kwenye jambo baya zaidi, maana mtu akifika hapo anaweza kugeukia upande wowote. "Hapana, Afande. Gari yako inapiga kelele tu, hata lori lile vilevile. Sikiliza tena kama kuna neno ndani yake. Mtu mwenye mashine ya siri anataka kusema neno." Akarudi kwenye simu, akaamuru lori liwashwe, akasikiliza huku amefumba macho. Sikuwahi kumwona mtu akisikiliza hivyo, hata mimi mwenyewe sikuwahi kusikiliza plagi kwa bidii ile.

"Hakuna neno," akasema mwishowe.

Kisha akatoa amri. "Rudisha kitu ya gari yangu. Halafu tengeneza lori. Nitaachilia apite hapa chini ya antena, mimi nasikiliza. Nikisikia ta-ta-ta, nasema kwa barrier wakamate yeye, na wewe napanda gari pamoja naye."

Nikarudisha vya Landrova. Lori ndilo lilikuwa kazi. Kuweka mkanda mpya juu ya kutu ni kujidanganya. Lazima ukwangue mpaka chuma king'ae, halafu ufunge, halafu upake grisi juu ili chumvi isiingie. Mkanda wangu ulitosha injini na chesisi. Kwa boneti, askari mmoja Mkonzo, mtu wa milima hii hii, aliniletea waya mnene wa betri iliyokufa, bila kuambiwa na mtu, nami nikaupasua. Nikatia kondensa kwenye dinamo. Vidonge vya kutosha plagi zote sikuwa navyo, kwa hiyo nikaweka kimoja kizuri kwenye waya mkuu, ule wa koili, ambao cheche zote zinapitia. Siyo sawa na kuweka kila mahali, lakini ni nusu kubwa ya kazi.

Katikati ya hayo nikasema sina mikono ya kushika boneti, kwa kuwa nguzo yake imevunjika, na mwenye lori ndiye anayejua kuishika. Nguzo ilikuwa nzima, nimeilaza tu pembeni. Afande akaamuru afunguliwe mikono.

Papa Kasereka akashika boneti, akaniinamia. "Fundi, ile vidonge ni mi mwenyewe nilitosha, nikatupa. Batu ya barabara balisema inalalisha moteri."

"Nyamaza kwanza, Papa. Leo hata wewe nakuzuia kelele."

Akacheka bila sauti, machozi yakamtoka papo hapo, akajifuta kwa bega.

Nilipima na redio yangu, injini ikizunguka polepole. Shwari. Nikakanyaga mafuta. Karibu shwari. Lakini nilijua jambo moja ambalo sikulisema. Injini isiyobeba mzigo haisemi kweli yote. Ikipanda mlima ikiwa imebeba, cheche inahitaji nguvu zaidi, na kelele zinapanda nayo. Kutoka bondeni hadi barabarani palikuwa na mwinuko mkali, na kilele chake kilikuwa pale pale chini ya antena. Hapakuwa na njia ya kupima hilo ila kulipitisha.

Magunia yaliyobaki mazima yakapakiwa. Mama Kavira akavuka barabara na furushi lake, akapanda mbele bila kuomba ruhusa. Furushi lilikuwa kubwa. Nikaelewa kwamba wakivuka leo hawatarudi Bwera, na kwamba alikuwa amelifunga tangu asubuhi, kwa safari hii au kwa ile ya gari ya makao makuu. Papa Kasereka alinishika mkono kupitia dirishani. "Fundi, tutasikilizana," akasema. Nikamwambia apande kwa gia ya chini, taratibu, asikanyage mafuta hata iweje.

Afande akaniita ndani. Vya masikioni vilikuwa jozi moja. Akavipindua, kimoja akaweka kwenye sikio lake, kingine akanisogezea, tukakaa vichwa vimegusana. Nilisikia harufu ya sabuni yake. Nilisikia pumzi zake. Masikioni mlikuwa na ule mvumo wa kawaida wa simu ya upepo isiyo na mtu. Nje lori likawaka, likaanza kupanda kutoka bondeni, na ndani ya sikio hapakuongezeka kitu. Likazidi kupanda. Sauti ya injini ikawa nzito, bati za chumba zikatetema. Nikaomba, ingawa siku hizo sikuwa mtu wa kuomba sana.

Lilipofika juu, chini kabisa ya antena, zikaja. Ta. Ta-ta. Ndogo, za mbali, lakini kwa aliyetumia asubuhi nzima kuzisikiliza hazikuwa na jina jingine.

Afande hakugeuka. Alinitazama kwa jicho la pembeni, karibu sana, na mimi nikamtazama. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi ya kuzungumzia. Lori likapita, likaanza kuteremka upande wa mpakani, na zile kelele zikaisha.

Akabonyeza swichi. "Barrier. Hiyo lori ya chumvi nakuja." Akaachia. Akabonyeza tena. "Fungua."

Tukangoja, bado tumegusana vichwa. Kisha sauti ya askari wa kizuizini ikaja safi, haina hata mkwaruzo. "Imepita, Afande."

Akavua vya masikioni, akaviringisha waya wake polepole, akaviweka mezani.

"Mimi sikusikia kitu," akasema. "Wewe?"

"Hata mimi sikusikia, Afande."

Akaniambia nikusanye vyombo vyangu niondoke kwa miguu kupitia mashambani, kabla gari ya makao makuu haijafika, isije ikakosa mtu wa kubeba ikanibeba mimi.